Jivu la Sukuma Wiki

Tuliugua watatu: mimi, mume wangu Karanja, na binti yetu Nyokabi. Tuliorudi nyumbani Kiganjo ni wawili. Nakuambia mapema ili usisome ukitumaini kitu ambacho mimi mwenyewe nilitumaini mpaka nikachoka.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ninao, lakini umebaki na kidole gumba na nusu ya kidole kinachofuata, na kwa fundi wa nguo hiyo ni kama kuambiwa nenda ukalale. Watu wa hospitali wamekuwa wakiniomba nikaongee kwa mikutano. Nikawaambia mimi nikisimama mbele ya watu nitalia au nitatukana, na sijui ni gani itaanza. Wacheni niandike. Kwa hivyo kama umekaa kwa benchi ya hospitali sasa hivi na una kidonda ambacho hakuna anayejua kimetoka wapi, haya ni yako. Na kama mume wako ni mtu wa skrapu, yasome mara mbili, kisha umpe naye asome.

Mambo ya kidaktari sitayaeleza. Nilielezwa, nikaitikia kwa kichwa, lakini ukiniuliza leo nitakudanganya. Nitakuambia tu vile tuliishi.

Karanja alikuwa akinunua vyuma kuukuu hapa Thika, upande wa viwanda, na kuviuza kwa wenye kuyeyusha. Mimi nilikuwa na kibanda cha kushona kando ya barabara: sare za shule, mapazia, suruali za kupunguzwa. Nyokabi alikuwa amemaliza chekechea na kuingia gredi ya kwanza. Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na mama mkwe wangu, shosho wa Gatanga, yaani bibi yake mtoto, ni Nyokabi. Si jina tu. Tunasema mtoto huyo ndiye shosho, amezaliwa tena. Ndiyo maana Karanja alimwita binti yake "maitu", yaani mama, na alimwogopa kidogo pia. Shosho akija kututembelea, salamu yake kwa mtoto ilikuwa moja: "Na leo mimi nimeamkaje?"

"Umeamka na njaa," Nyokabi angemjibu, na hapo shosho angefungua kikapu atoe ndizi.

Mimi shosho sikuwahi kumwita kwa jina, bila shaka. Mke hamwiti mama mkwe kwa jina lake, hata akigombana naye. Kwa hivyo kinywani mwangu Nyokabi alikuwa mmoja, yule mdogo, na nilimwita mara nyingi kwa siku kuliko nilivyoita jina la Mungu. Njoo uoge. Njoo ule. Njoo uvae viatu. Na kila mara jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ya mtu anayekimbia: "Nakuja, mami!" Ukichungulia unampata amechuchumaa palepale, hajasogea hata unyayo. Chakula changu kimepoa mara nyingi kwa sababu ya hiyo "nakuja".

Alikuwa akichuchumaa kwa sukuma. Nyuma ya nyumba tulikuwa na kashamba kadogo ka mboga. Miche ilitoka Gatanga, shosho aliichipua kwa sukuma zake mwenyewe, na mtoto alitangaza kwamba shamba ni lake kwa sababu yeye ndiye shosho. Hakuna aliyebishana. Kazi yake ilikuwa jivu. Unajua sisi: jivu la jiko halitupwi. Linanyunyizwa kwa sukuma ili wadudu wasile majani, na lile laini linalobaki mama anasugulia sufuria mpaka zinang'aa. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Karanja alimtobolea mtoto kopo la majani chai kwa msumari, likawa na matundu mengi chini, na kila asubuhi kabla ya shule alitikisa jivu juu ya kila jani, huku akiongea nayo. Mikono myeupe mpaka kwa viwiko.

Hicho kitu kilikuja mvua ndefu ilipoanza. Karanja alikitoa kwa lundo la vyuma vya kiwanda kilichofungwa zamani. Kilikuwa kifupi, kinene, kizito ajabu. Walikiteremsha wanaume wawili wakihema. Ubavuni kulikuwa na kibati chenye rangi iliyochakaa, na juu ya kibati picha: kiduara katikati na vipande vitatu vimekizunguka.

"Unaona hii?" Karanja akaniambia, akipangusa kwa kidole. "Hii ni alama ya feni. Ndani lazima kuna mota, na mota ni shaba."

"Feni ya wapi nzito hivyo?" nikamuuliza. "Ya kupepea Mlima Kenya?"

Tulicheka. Naomba uelewe hilo, kwamba tulicheka. Karanja si mjinga. Mtu wa skrapu ameona feni elfu, na ile alama kwa kweli inafanana na feni. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia ni ya nini. Leo nikiiona kwa mlango wa hospitali natafuta njia nyingine, lakini siku hiyo ilikuwa picha tu.

Hakupata shaba. Alipata risasi, yale madini laini ya betri za gari, nene pande zote. Akasema basi si hasara, na kwa sababu mvua ilikuwa imejaza maji pale kazini, akaiyeyushia nyumbani, kwa jiko langu, chini ya mabati ya jikoni. Katikati ya risasi alikuta kitu kidogo kinang'aa, ukubwa wa kifuniko cha kalamu. Akakaa nacho mfukoni kwanza, kisha akakigonga kwa nyundo, ndani mkatoka unga kama chumvi. Akakasirika, akafagia kila kitu, kikaingia ndani ya jivu la jiko. Asubuhi yake Nyokabi alijaza kopo lake, nami nikasugua sufuria.

Ilikuwa hivyo kwa muda, hadi jivu hilo likaisha. Tulikula sukuma zetu, tukasema zimenawiri.

Karanja ndiye alianza kutapika, kisha mtoto, kisha mimi. Tukasema ni nyama tuliyonunua. Kliniki ya hapa mtaani ikasema taifodi, kwa maana hapa kwetu chochote kisichojulikana ni taifodi, unapewa dawa unaenda. Tulipata nafuu, tukamshukuru Mungu kanisani. Kisha mkono wangu wa kulia ukaanza kuwasha, ukawa mwekundu, ukavimba, ngozi ikatoka malengelenge kama ya mtu aliyemwagikiwa maji moto. Mteja mmoja alinitazama nikimshonea akasema, "Mama Nyokabi, pasi ilikuchoma vibaya." Nikamwambia haikuwa pasi. Hata mimi sikujua ni nini, na hilo ndilo lilianza kuniogopesha. Karanja alikuwa na kidonda pajani, mahali pa mfuko wa suruali. Nyokabi alikuwa amechoka tu. Yule mtoto wa kelele alikuwa analala akitoka shule, na viatu miguuni.

Tungeendelea na taifodi yetu mpaka tuishe kama si geti. Karanja alikodi pikapu, akapeleka vyuma vyake kwa kiwanda kimoja cha kuyeyusha upande wa Ruiru. Langoni kulikuwa na nguzo mbili za kupima kila gari linaloingia. Zikaanza kupiga kelele.

"Mzee, rudi nyuma," askari akamwambia. "Gari yako inalia."

"Hii ni pikapu ya kukodi," Karanja akamjibu. "Inalilia nini?"

Kufikia saa za chakula cha mchana watu wa serikali wa mambo ya mionzi walikuwa wamefika kwa kiwanda, na kabla ya jioni walikuwa kwetu, wamevaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi viatuni. Majirani walijaa kwa ua mpaka wakafukuzwa. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke, mtu wa Machakos, jina lake Mwende. Alinisalimia kwa kuniita Mama Nyokabi, akaniomba nisimame hapo nje na mtoto, kisha akatembea na kipimo chake cha mionzi. Kinatoa sauti ya tik, tik, polepole, kama mtu anafikiria. Kwa mlango, tik, tik. Kwa jiko kikachachamaa. Kwa sukuma kikapiga kama mvua ya mawe kwa mabati. Akasimama. Akageuka akatutazama, akarudi, akachuchumaa mbele ya Nyokabi.

"Nionyeshe mikono, mrembo."

Nyokabi akanyoosha mikono yote miwili, na kile kitu kikalia. Mtoto akacheka, akanitazama. "Mami! Mikono yangu inaongea!"

Mwende hakucheka. Aliuliza mtoto alikuwa ameshika nini, na Nyokabi, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa kuhusu kazi yake, akaenda mbio kumletea kopo. Ilibidi wamshike.

Wui, Ngai. Nimeandika hapo nikaacha, nikaenda nikakaa nje kidogo.

Tulipelekwa Nairobi, hospitali kubwa. Nguo zetu zilibaki kwa mifuko. Tulioshwa na maji vuguvugu na sabuni, taratibu, si kwa kusugua, na maji yale hayakuenda kwa mfereji, yalikusanywa. Nilishangaa. Nilidhani uchafu ukishaoshwa umeisha. Mwende ndiye alinieleza baadaye kwamba huu hauishi kwa kuoshwa, unahama tu, na ukiuachilia kwa mfereji unaenda kwa mto na kwa mtu mwingine anayesugua sufuria zake. Hilo nililielewa bila shida.

Tulipewa vidonge vya rangi ya bluu, kila siku, vingi, vya kuvuta ile sumu itoke tumboni. Viligeuza kila kitu kuwa bluu. Meno bluu, ulimi bluu. Na Nyokabi, siku ya kwanza alipotoka chooni, alisimama mlangoni akatangazia wodi yote: "Mami, nimekunya wino!" Nesi mmoja alilazimika kuweka trei chini, alicheka hadi akainama. Karanja alicheka. Mimi nilicheka mkono ukauma. Kama uko kwa hizo dawa sasa hivi, cheka. Hutapata mengi ya kuchekesha huko mbele.

Tulikuwa tukipimwa damu, na siku za kupimwa tulikuwa tunangoja kwa korido pamoja na wagonjwa wengine. Neno lilikuwa limetembea. Ukiketi, mwenye kuwa karibu anakumbuka ana simu ya kupiga. Benchi nzima inabaki yetu. Nesi alikuwa akisimama pale na kuwaambia kwamba tumeshaoshwa, mtu haambukizwi kwa kuketi nasi, lakini watu wakiogopa hawasikii. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anapika uji wa hospitali, sijawahi kumjua jina, ambaye alikuwa anakuja anaketi katikati yetu kabisa, bega kwa bega, na kumwambia Nyokabi, "Sogea, mnene." Alimwambia hivyo hata wakati mtoto alikuwa amebaki mifupa. Mungu amlipe.

Nywele za Nyokabi zilitoka siku ambayo nilikuwa nimemsuka. Nilisuka kwa mkono wa kushoto na meno, laini tatu zilizopinda, na alipoamka zilikuwa zimebaki kwa mto, zimesukwa bado. Karanja alizikusanya. Alitoka nje kwa korido na nikamsikia akilia.

Ngozi ya mikono yake midogo ilianza kufanya kama ya mkono wangu. Halafu midomo. Halafu damu yake ikakataa kutengenezwa, ndivyo nilivyoielewa, wakamweka kwa chumba chake peke yake chenye dirisha la kioo ili asipate homa ya mtu. Mimi nilikuwa wodi ile ile, mkono umefungwa kama boksi. Niliruhusiwa kusimama kwa kioo. Alikuwa akiniuliza swali moja kila siku, kwa simu ya ukutani.

"Mami, nani anawekea sukuma yangu jivu?"

"Shosho," nikasema.

"Anaweka chini ya jani pia? Wadudu wanajificha chini."

"Anaweka chini pia."

Hakukuwa na sukuma. Wakati huo Mwende na watu wake walikuwa wamezing'oa zote, mizizi na yote, wamezitia kwa mapipa. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na walikuwa wameanza kwa kufunika shamba lote na nailoni na kuzuia mfereji kwa mifuko ya mchanga, ili maji yasibebe kitu mpaka mtoni. Kisha wakachimba udongo, tabaka baada ya tabaka, wakipima kila mara, mpaka kipimo kikanyamaza. Hawakufagia. Hawakuchoma kitu, hata godoro. Karanja alipoambiwa haya alisema, "Wangechoma tu, ingeisha haraka," na Mwende akamjibu kwa upole, "Baba Nyokabi, tukichoma tunaipeleka kwa hewa, na hewa ni ya Thika yote."

Mwende alinipigia akaniuliza kama kuna kitu ndani ya nyumba ninachokitaka sana. Nikamwambia sweta ya shule ya Nyokabi. Akaniambia subiri. Alinipigia tena baadaye. "Mama Nyokabi, nimeiosha, nikaiosha tena. Bado inalia. Siwezi kukuletea." Ningependa kukuambia nilimshukuru kwa kunieleza ukweli. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kikuyu, yeye Mkamba, lakini nadhani alielewa, kwa sababu alingoja mpaka nikaisha ndipo akakata simu. Iliyopona ni gauni moja, la maua ya zambarau, nililokuwa nimeanza kumshonea kwa kibanda. Kule hakukufika jivu. Lilikuwa limebakia pindo tu.

Nyokabi alikufa Julai, wakati wa ile baridi ya ukungu ambapo jua halionekani. Siku hiyo waliniruhusu niingie. Walinivisha mavazi yao, glavu moja kwa mkono mzima, barakoa. Ilikuwa baada ya chai ya saa nne. Alikuwa amefumba macho na sikujua kama ananisikia, nikamwita vile nilivyokuwa nikimwita kila siku kutoka mlangoni, si kwa kulia, kwa ile sauti ya chakula kinapoa. "Nyokabi!"

Midomo ikasogea. Sauti haikutoka, lakini najua alichosema. Nilikuwa nimekisikia maisha yake yote.

Sikuita jina hilo tena kwa muda mrefu.

Hawakuniruhusu kwenda kwa mazishi, maana mkono ulikuwa umeoza na ilibidi wakate vidole wiki hiyo hiyo. Alizikwa Gatanga, kwa shamba la shosho. Jeneza lilikuwa limefungwa, hakuna wa kumtazama uso, hakuna wa kumvisha. Watu wa kijiji walikuwa na wasiwasi na ardhi yao, na kuna waliosema asizikwe karibu na kisima. Mwende alikuja na kipimo, akapima mbele ya kila mtu, akaeleza, kisha akabaki akala githeri pale nyumbani, kwa sahani ya pale, akaongeza. Baada ya hapo na wengine wakala. Niliyajua haya kwa shosho. Alikuja kuniona kesho yake, na nguo za matanga bado mwilini, akaketi kwa kitanda changu, mahali ambapo ndugu zangu mwenyewe walikuwa hawaketi.

"Nimezoea kuzika," akaniambia. "Mume nimezika, watoto wawili nimezika. Lakini jana nilijiona mimi nikizikwa. Wanasema jina langu kwa maombi, na mimi nimesimama hapo na fimbo."

Nilipotolewa hospitali, Karanja alibaki kwa ajili ya paja lake, na nyumba yetu ilikuwa bado haijakabidhiwa. Nikaenda kwa dada yangu Wangari, mtaa wa Membley. Wangari ni mtu wa ofisi, nyumba yake ina geti na mtaa wake una geti, na ananipenda. Nasema hivyo kwanza. Alinipa chumba kizuri na dirisha. Alinipa pia kikombe changu, sahani yangu, kijiko changu, vyote vya kijani, na vya watu wengine vyote vyeupe. Watoto wake walinipungia mkono kutoka mlangoni.

"Ni kwa muda tu," akasema. "Unajua watu wa mtaa wanaandika kwa grupu ya simu."

"Wangari, mimi siambukizi. Barua ya hospitali si nilikupa?"

"Niliisoma. Najua." Akaanza kulia. "Najua, na bado naogopa. Nifanye nini?"

Nilimwelewa, lakini kumwelewa hakukunizuia kuchukia rangi ya kijani mpaka leo. Mtu akitoka kwa hii shida, ukitaka kumsaidia, usimnunulie chochote. Mpe kikombe kama cha wengine.

Na Karanja? Hapo ndipo wengi hunyamaza, lakini wewe uliye na mume utataka kujua. Nilimchukia. Alipotoka tulirudi Kiganjo, kwa nyumba iliyosuguliwa mpaka rangi ikatoka ukutani, bila godoro letu, bila jiko, bila sufuria hata moja, na mahali pa shamba kuna udongo mpya mwekundu ulioletwa na lori. Siku moja nikamwambia lile neno. Nikamwambia, "Feni. Uliona feni." Aliketi chini, na paja lake bovu limenyooka mbele, akasema, "Nilikuwa nikimwita maitu. Sasa mama yangu akipiga simu, siwezi kumwita. Neno linakataa." Nikaona kwamba hakuna kitu ningemwambia ambacho hakujiambia tayari. Tangu hapo nimejaribu kupeleka hasira yangu kwa yule aliyefunga kiwanda akatoka na funguo zake, akaacha hicho kitu nyuma kama takataka. Yeye alijua si feni. Hasira haikubali kwenda huko kila siku, lakini naipeleka.

Kama utakutana na chuma kifupi, kizito kuliko ukubwa wake, chenye vipande vitatu vimezunguka kiduara, usikifungue. Usikigonge, usikiyeyushe, usikibebe kwa mfuko. Ondoka, zuia watoto, waambie wenye kujua. Na kama umeshakigusa, usioshe ua kwa maji, usifagie, usichome. Haya yote nimeyajua nikiwa nimechelewa. Wewe hujachelewa.

Mvua fupi zilipoanza, shosho alitokea bila kuarifu, na kikapu. Ndani yake kulikuwa na miche ya sukuma iliyofungwa kwa jani la ndizi. Nikamwambia sitaki mboga hapo. Nikamwambia sitaki kuona kitu cha kijani nyuma ya nyumba hii.

"Mwende alipima?" akaniuliza.

"Alipima. Kumenyamaza."

"Basi." Akavua viatu, akachukua jembe la Karanja, akaenda.

Nilibaki jikoni kwa sufuria mpya ambazo nimekataa kuzisugua kwa jivu, nikapika. Nilijifunza kukata vitunguu kwa mkono wa kushoto baada ya kujifunza kushona nao. Kitu cha kwanza nilichoshona kilikuwa lile pindo la gauni la zambarau, na limepinda, lakini limeisha. Chakula kilipoiva nilisimama kwa mlango wa nyuma. Shosho alikuwa amechuchumaa kwenye udongo mwekundu, mgongo umenielekea, mdogo kama mtoto.

"Shosho, chakula," nikasema.

Hakugeuka. "Tangu nizikwe, hakuna mtu kwa boma hili ameniita," akasema. "Karanja haniiti mama. Wewe unaniita shosho, kama watu wa sokoni. Mimi nina jina."

"Shosho, siwezi kukuita jina. Ni aibu."

"Aibu tumeishiwa nayo. Niite, tafadhali. Nataka kusikia kama bado niko."

Nilishika mlango kwa mkono ule mbovu. Nikalisema lile jina, na halikutoka vizuri, nikalisema tena, kwa ile sauti yangu ya chakula kinapoa.

"Nyokabi!"

"Nakuja, mami!" akaitikia yule mama mzee, kwa sauti ya mtu anayekimbia.

Na hakusogea. Alichukua mche mwingine, akaufukia, akaupigapiga udongo kwa kiganja. Nikangoja pale mlangoni nikilia, mpaka chakula kikapoa.